KUULIZA SI UJINGA: HISTORIA FUPI YA ALAMA YA KIULIZI KATIKA ANWANI ZA WAVUTI

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita mwalimu mwenzetu anayefundisha Kiswahili mjini Bujumbura alituandikia barua pepe yenye swali moja tu. Alikuwa amesikia kwamba wanafunzi wetu hukusanya maneno ya Kiswahili kinachosemwa hapa Uganda, katika soko la Owino, katika vituo vya teksi na katika miji ya mpakani. Akauliza: miongoni mwa maneno hayo, ni yapi yametoka katika Kiganda na kuingia katika ngeli ya LI-YA?

Swali lilikuwa zuri na jibu tulikuwa nalo. Lakini tulikuwa nalo kama mtu aliye na sindano ndani ya gunia la pamba. Maneno yetu, zaidi ya elfu moja, yalikuwa yametawanyika katika majalada ya kompyuta yaliyoandikwa na wanafunzi wa miaka tofauti, kila mmoja kwa mtindo wake. Mmoja aliandika asili ya neno kuwa "Kiganda", mwingine "Lug.", mwingine akaweka nyota tu akiamini kwamba mwalimu wake ataelewa. Tulikaa jioni tatu tukisoma ukurasa baada ya ukurasa, tukatuma jibu lenye mapengo. Tuliporudi baadaye kwenye disketi zenyewe ili tuyazibe, theluthi moja hazikufunguka.

Makala haya yametokana na aibu hiyo. Tunakusudia kueleza kwa ufupi jinsi ambavyo watu wa fani nyingine walivyopata njia ya kuuliza hifadhidata swali kutoka mbali, kwa kuandika swali lenyewe ndani ya anwani ya wavuti, na kwa nini historia hiyo inatuhusu sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili. Hatukusudii kumfanya msomaji awe fundi wa kompyuta. Tunakusudia kuonyesha kwamba jambo hili, kwa asili yake, ni jambo la lugha.

Kabla ya wavuti: aliyejua kuuliza ndiye aliyejibiwa

Kabla ya kompyuta, hifadhidata ya mwanaleksikografia ilikuwa sanduku la kadi. Kila neno lilikuwa na kadi yake, na kadi zilipangwa kwa alfabeti. Mpangilio huo ulijibu swali moja vizuri sana, yaani "neno hili lina maana gani?", na ulikuwa kiziwi kwa maswali mengine yote. Aliyetaka kujua maneno yote yenye asili ya Kiarabu alilazimika kupitia kadi zote kwa mkono, kama sisi tulivyofanya na majalada yetu.

Mnamo mwaka 1970 Edgar F. Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM nchini Marekani, alichapisha makala yaliyopendekeza kwamba data zipangwe katika majedwali, na kwamba mwulizaji asilazimike kujua data zimelazwa wapi ndani ya mashine. Atosheke kusema anachokitaka. Mwaka 1974 wenzake wawili katika kampuni hiyo hiyo, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walieleza lugha ya kuyauliza majedwali hayo, ambayo baadaye ilikuja kuitwa SQL. Sentensi yake ya msingi ina muundo ambao mwanafunzi wa Kiswahili ataufahamu mara moja: chagua safu fulani, kutoka jedwali fulani, ambapo sharti fulani limetimia. Hicho kishazi cha "ambapo" ndicho moyo wa kila swali.

Mwaka huo huo wa 1974, katika kituo cha utafiti wa fizikia cha SLAC, Chuo Kikuu cha Stanford, California, ilianza hifadhidata ya makala ya fizikia iliyojulikana kwa jina la SPIRES-HEP. Maktaba ya SLAC iliihudumia kwa ushirikiano na maktaba ya kituo cha DESY nchini Ujerumani. Wanafizikia wakati ule walipelekeana makala kabla hayajachapishwa, na hifadhidata hiyo iliwawezesha kujua nani ameandika nini. Aliyeitumia aliandika neno la kuamuru lenye maana ya "tafuta", kisha kifupi cha neno "mwandishi", kisha jina la mtu.

Hata hivyo, ili kuuliza swali hilo ilibidi uwe na akaunti katika kompyuta kubwa ya Stanford na ujue lugha yake. Katika miaka ya 1980 iliwezekana pia kutuma swali kwa ujumbe wa kompyuta kutoka chuo kingine na kungoja jibu lirudi, lakini bado mwulizaji alipaswa kuikariri ile lugha ya amri. Maarifa yalikuwapo. Mlango ulikuwa mwembamba.

Geneva: kitabu cha simu chapata anwani

Mwezi Machi 1989 Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha fizikia kilichopo karibu na Geneva, Uswisi, aliwasilisha pendekezo la mfumo wa kuunganisha maandishi yaliyotawanyika katika kompyuta mbalimbali za kituo hicho. Pendekezo hilo ndilo lililozaa wavuti.

Wasomaji wengi hudhani kwamba wavuti ulianza kama mkusanyiko wa kurasa za kusoma, na kwamba kuuliza maswali kulikuja baadaye. La hasha. Mojawapo ya mambo ya kwanza yaliyowavuta wafanyakazi wa CERN kwenye wavuti ni kitabu cha simu. Orodha ya namba za simu za kituo ilikuwa katika kompyuta kubwa, na kuifikia kulikuwa na usumbufu wake. Bernd Pollermann, aliyekuwa mtunzaji wa mfumo wa habari katika kompyuta hiyo, alishirikiana na Berners-Lee ili orodha ile iweze kuulizwa kupitia wavuti. Watu waliokuwa hawana haja na nadharia ya maandishi yaliyounganishwa walikuwa na haja ya namba ya simu ya mwenzao.

Sasa swali likawa: je, jina la mtu anayetafutwa liandikwe wapi? Suluhisho lilikuwa rahisi mno. Ukurasa ulibeba alama maalumu ya kukijulisha kivinjari kwamba "hapa panaulizika". Kivinjari kilimpa msomaji nafasi ya kuandika maneno, kisha kikayachukua maneno hayo na kuyatia mwishoni mwa anwani ile ile ya ukurasa, baada ya alama ya kiulizi. Yakiwa maneno mawili au zaidi, yaliunganishwa kwa alama ya kujumlisha. Kwa hiyo anwani iliyokuwa ikisema "nipeleke mahali hapa" ikawa inasema "nipeleke mahali hapa, nikaulize hivi".

Sisi walimu wa lugha tusiipite alama hiyo haraka. Katika hati yetu ya kawaida alama ya kiulizi hukaa mwishoni mwa swali, kama mhuri. Katika anwani ya wavuti hukaa mwanzoni mwa swali, kama mlango. Kushoto kwake pana mahali, kulia kwake pana haja.

Stanford: Desemba 1991

Mwezi Septemba 1991 Paul Kunz, mwanafizikia wa SLAC, alitembelea CERN na kuonyeshwa wavuti na Berners-Lee mwenyewe. Aliporudi Stanford alimweleza mkutubi wa SLAC, Louise Addis, ambaye alitambua upesi kwamba hiyo ndiyo njia ya kuifikisha SPIRES kwa watu wengi. Tarehe 12 Desemba 1991 seva ya SLAC ilianza kazi. Ilikuwa seva ya kwanza ya wavuti nchini Marekani, na kazi yake kubwa ilikuwa kupokea swali, kulipeleka kwenye SPIRES na kurudisha jibu.

Mwezi Januari 1992 Berners-Lee alizungumza mbele ya mkutano wa wanafizikia nchini Ufaransa, na mwishoni mwa mazungumzo yake aliwaonyesha jinsi ambavyo mtu aliyekaa pale ukumbini aliweza kuiuliza hifadhidata ya California. Wanafizikia wale walikuwa wakiijua SPIRES na walikuwa wakijua taabu ya kuifikia. Kwa hiyo hawakuhitaji kuelezwa thamani ya walichokiona.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu lina funzo. Hifadhidata ya SPIRES haikuzaliwa na wavuti. Ilikuwa na umri wa miaka kumi na saba seva ile ilipowashwa. Wakutubi walikuwa wameiandaa kwa subira, rekodi baada ya rekodi, kila rekodi ikiwa na mwandishi wake, anwani yake ya makala na mwaka wake, vyote vikiwa mahali pake. Mlango ulipofunguliwa, ndani mlikuwa mmepangwa. Hadi leo mrithi wa SPIRES, hifadhidata iitwayo INSPIRE, huulizwa kwa anwani yenye alama ile ile ya kiulizi.

Mwaka 1993: kila thamani yapewa jina

Njia ya mwanzo ilikuwa na upungufu mmoja. Ilitoa nafasi moja tu ya kuandika, na maneno yaliyoandikwa hayakuwa na utambulisho. Ukiandika "Shaaban Robert 1968" mashine haikuweza kujua lipi ni jina na upi ni mwaka, isipokuwa fundi aliyeitengeneza awe amebahatisha.

Ufumbuzi ulikuja mwaka 1993. Katika kituo cha NCSA, Chuo Kikuu cha Illinois, ambako kivinjari cha Mosaic kilitengenezwa, fomu zenye nafasi nyingi za kujaza ziliingizwa katika kurasa, na ukawekwa utaratibu wa pamoja wa seva kuikabidhi programu nyingine sehemu ya anwani iliyo baada ya kiulizi. Tangu hapo kila nafasi ya fomu ilikuwa na jina, na swali likaandikwa kwa jozi: jina, alama ya usawa, thamani. Jozi moja ilitenganishwa na nyingine kwa alama ya &, ambayo ni namna ya kuandika "na". Jozi hizo ndizo tutakazoziita vigezo.

Wanafunzi wetu hupenda kulinganisha vigezo hivi na viambishi vya kitenzi. Ulinganisho huo una ukweli, lakini haujakamilika. Katika kitenzi "hawatakuletea" kila kiambishi hufahamika kwa nafasi yake: kikanushi hutangulia, kisha nafsi, kisha wakati, kisha mtendwa. Ukivichanganya viambishi hivyo, neno linavunjika. Vigezo vya anwani havitegemei nafasi. Ukitanguliza mwaka na kumalizia na mwandishi, mashine itakuelewa vile vile, kwa sababu kila thamani imekuja na jina lake. Ulinganisho ulio karibu zaidi ni upatanisho wa kisarufi. Tunaposema "vitabu vya mwalimu vilivyopotea", kila neno limebeba alama ya ngeli inayotuambia linashikamana na nini, na ndiyo maana "vitabu vilivyopotea vya mwalimu" bado inaeleweka.

Mfano wa leo

Ili tusibaki katika nadharia, tuchukue anwani moja ya kweli. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, huweza kuulizwa kwa anwani hii, ambayo msomaji anaweza kuiandika katika kivinjari chochote:

https://sw.wikipedia.org/w/api.php?action=query&list=search&srsearch=methali&srlimit=5&format=json

Tuichambue kama tunavyochambua sentensi. Kushoto kwa kiulizi tuna mahali: herufi mbili "sw" ni msimbo wa kimataifa wa Kiswahili, na "api.php" ni programu inayopokea maswali. Kulia tuna vigezo vitano. Cha kwanza chasema kitendo kinachotakiwa ni kuuliza. Cha pili chasema tunataka orodha ya matokeo ya utafutaji. Cha tatu chabeba neno lenyewe, "methali". Cha nne chasema matokeo yasizidi 5. Cha tano chasema jibu liandikwe kwa muundo uitwao JSON, ambao ni maandishi yaliyopangwa kwa jozi za jina na thamani, ili programu nyingine iweze kuyasoma.

Jibu litakalokuja halina picha wala rangi. Lina idadi ya makala yaliyopatikana, na kwa kila makala jina lake, idadi ya maneno yake na kipande kifupi cha maandishi. Mwanafunzi akibadili 5 kuwa 20, atapata matokeo hadi 20. Akibadili "methali" kuwa "vitendawili", ameuliza swali jingine. Akibadili "sw" kuwa "lg" ameuliza Wikipedia ya Kiganda, na akiweka "rn" ameuliza ya Kirundi. Tumelifanya zoezi hili darasani, na tumeona wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakilishika katika kipindi kimoja, kwa kuwa wamezoea kubadili kiambishi kimoja na kutazama maana inageuka vipi.

Kutoka kwa watu kwenda kwa programu

Mfano huo unatuleta kwenye hatua iliyofuata ya historia. Katika miaka ya 1990 aliyeuliza alikuwa mtu, na jibu lilikuwa ukurasa wa kusomwa kwa macho. Mwaka 2000 Roy Fielding, katika tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, alieleza kwa utaratibu kanuni zilizoufanya wavuti uweze kukua bila kuvunjika. Mojawapo ni kwamba kila kitu kiwe na anwani yake. Nyingine, ambayo ilikuwa imekwisha kuandikwa katika kanuni za mawasiliano ya wavuti, ni kwamba kuuliza kusibadili kitu. Ukiuliza mara moja au mara kumi, hifadhidata ibaki kama ilivyokuwa.

Katika miaka hiyo hiyo makampuni na taasisi zilianza kufungua milango maalumu kwa ajili ya programu. Kampuni ya eBay ilifanya hivyo mwaka 2000, Amazon mwaka 2002, na Google ikafungua mlango wa ramani zake mwaka 2005. Mlango wa namna hiyo ndio unaoitwa API. Kwa maneno mepesi, API ni mapatano yaliyoandikwa kati ya mwenye hifadhidata na anayeuliza: haya ndiyo majina ya vigezo ninavyovitambua, hizi ndizo thamani ninazozikubali, na hivi ndivyo nitakavyojibu. Asiyefuata mapatano hujibiwa kwamba amekosea, au hajibiwi kabisa.

Kisa cha ng'ombe

Anwani ya wavuti haikubali kila herufi. Kanuni zilizochapishwa Desemba 1994, na kufanyiwa marekebisho makubwa Januari 2005, zinasema kwamba herufi zisizoruhusiwa ziandikwe kwa alama ya asilimia ikifuatiwa na tarakimu za msimbo wake. Nafasi kati ya maneno, kwa mfano, huwa %20.

Kiswahili kina bahati, kwa kuwa maandishi yake ya kilatini hayahitaji herufi za ziada. Kina tatizo moja dogo, nalo ni kibainishi cha ng'. Kibainishi kilichonyooka huandikwa %27, kwa hiyo ng'ombe huweza kusafiri katika anwani kama ng%27ombe. Lakini programu nyingi za kuchapia hukipinda kibainishi hicho zenyewe, nacho kikishapinda kina msimbo mwingine kabisa: %E2%80%99. Kwa macho yetu ni neno lile lile. Kwa mashine ni maneno mawili. Mwanafunzi akinakili ng'ombe kutoka katika insha yake na kuiuliza hifadhidata ambayo haikuandaliwa kwa hilo, ataambiwa kwamba neno hilo halimo.

Tulikutana na kibainishi hicho kwa njia nyingine pia. Tulipoanza kuyapanga upya maneno yetu, kijana mmoja wa idara alitutengenezea programu ndogo ya kuyatafuta. Ilifanya kazi vyema siku mbili. Siku ya tatu mwanafunzi aliandika ng'ombe, na programu ikakwama. Sababu ni kwamba katika lugha ya SQL maneno yanayotafutwa hufungwa ndani ya alama hiyo hiyo ya kibainishi. Programu ililichukua neno kutoka katika anwani na kulibandika moja kwa moja ndani ya amri. Kibainishi cha ng' kikaonekana kuwa mwisho wa neno, na herufi zilizobaki zikasomwa kama sehemu ya amri.

Kwetu ilikuwa kero. Kwa wengine imekuwa maafa, kwa kuwa udhaifu huo, uliojadiliwa hadharani tangu mwaka 1998, humwezesha mtu mwenye nia mbaya kuandika amri ya kufuta au kuiba mahali palipokusudiwa swali. Dawa yake inajulikana: programu iipeleke amri peke yake na maneno ya mwulizaji peke yake, ili maneno yabaki maneno. Tunawaeleza wanafunzi kwamba hata kompyuta yahitaji kufundishwa tofauti kati ya sentensi ulizi na sentensi amrishi.

Aidha, ikumbukwe kwamba kilichoandikwa katika anwani hubaki katika kumbukumbu za kivinjari na za seva. Majina ya wanafunzi, alama zao za mitihani na maneno ya siri yasiwekwe humo kamwe.

Kiswahili katika historia hii

Mtu asidhani kwamba Kiswahili kilichelewa kufika. Mwaka 1994, wakati wavuti ulipokuwa bado mchanga, Martin Benjamin alianzisha katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani mradi wa kamusi ya Kiswahili na Kiingereza katika intaneti, ambao wengi wetu tuliufahamu kwa jina la Mradi wa Kamusi. Nchini Ufini, Arvi Hurskainen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Helsinki walijenga Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo toleo lake la pili lina takriban maneno milioni 25.

Kopasi hiyo yatufundisha jambo ambalo hifadhidata za kawaida hazitufundishi. Utafutaji wa kawaida hulinganisha maumbo. Katika lugha inayobadilisha zaidi miisho ya maneno, kukata mwisho wa neno huweza kutosha. Katika Kiswahili mabadiliko huanza mbele. Atafutaye "kitabu" kwa umbo lake hatapata "vitabu", na atafutaye "piga" hatapata "wamepigwa" wala "tukipigana". Kwa hiyo katika kopasi ya Helsinki kila neno limeambatanishwa na umbo lake la msingi na maelezo yake ya kisarufi. Mwulizaji anaweza kuuliza kwa msingi wa neno, na matokeo yakamletea maumbo yake mengi.

Hapa ndipo tunapofikia hoja yetu. Anwani haiwezi kuuliza jambo ambalo mwenye hifadhidata hakulipa jina. Kama hakuna safu ya ngeli, hakuna kigezo cha ngeli, na swali la ngeli halina pa kuingilia. Maswali ya Kiswahili cha Afrika Mashariki na Kati, yaani neno hili lilisikika wapi, kwa msemaji wa lugha gani ya kwanza, kwa maana ipi iliyo tofauti na ya Kiswahili sanifu, yatajibiwa tu iwapo sisi tunaoyajua tutayatengenezea safu zake. Tuchukue neno "posho". Katika kamusi ni chakula au fedha apewayo mtu kwa matumizi. Hapa Uganda ukiagiza posho mkahawani, utaletewa ugali. Jedwali lisilo na safu ya mahali litalazimika kuchagua maana moja na kuitupa nyingine, na tunajua ni ipi itakayotupwa.

Haja hii imekua. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha hatua za kukitekeleza, pamoja na kukifundisha katika shule za msingi na sekondari. Walimu watahitaji vitabu, na waandishi wa vitabu watahitaji kujua Waganda, Waacholi na Wanyankole hukutana na Kiswahili gani mitaani kabla hawajakutana nacho darasani.

Hitimisho

Idara yetu imeyapanga maneno yaliyosalimika katika jedwali moja lenye safu sita: neno, ngeli, asili, mahali, maana na mwaka wa kukusanywa. Kazi iliyotuchukua muda mrefu zaidi haikuwa ya kompyuta. Ilikuwa kukubaliana kwamba asili iandikwe "Kiganda" na si vinginevyo, kwamba ngeli zitajwe kwa upatanisho na si kwa namba, na kwamba kibainishi cha ng' kinyooshwe kila mahali. Programu ikaandikwa katika siku chache, na sehemu ya mwisho ya swali la mwenzetu wa Bujumbura sasa huandikwa hivi: ?asili=Kiganda&ngeli=LI-YA. Jibu hutoka kabla hujavuta pumzi.

Tulimpelekea jibu hilo jipya. Alishukuru, kisha akauliza kuhusu maneno ya mji mmoja wa mpakani ambayo alikumbuka kuyasikia kwetu. Ilitubidi tumwambie kwamba maneno hayo yalikuwa katika zile disketi zisizofunguka. Hakuna kigezo cha kuyarudisha, na baadhi ya wazee waliotupatia wamekwisha kufariki.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa walimu wenzetu wa idara jirani, na kwa wanafunzi wanaoandaa tasnifu. Msingoje seva wala fedha za mradi. Jedwali la kawaida katika kompyuta ya ofisini latosha kwa kuanzia, mradi kila safu iwe na jina moja, kila jina liwe na maana moja, na nakala iwekwe mahali pengine. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nasi tunaotunza maneno ya watu tuna wajibu wa kuhakikisha kwamba atakayekuja kuuliza atakuta kinachoweza kumjibu. Aliye na orodha, hata iwe ya maneno hamsini katika daftari, atuletee nakala, tuiingize pamoja.